Mariano Fortuny: fundi aliyefunzwa na kasha la mamake

Wako waliopata ufundi wao shuleni, na wako walioupata nyumbani, mbele ya kasha la mama lililofunguliwa. Mariano Fortuny, bingwa wa vitambaa, mavazi na taa aliyeishi Venice, Italia, ni katika hao wa pili. Kisa chake kinatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa mwaka 1871 mjini Granada, Uhispania, mji uliokuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1492 na ambao kasri lake la Alhambra lingali limesimama. Babake, ambaye naye aliitwa Mariano Fortuny, alikuwa mchoraji mashuhuri. Mwaka 1860 alitumwa Morocco kuchora vita vya Uhispania na nchi hiyo, akarudi na mapenzi makubwa ya nakshi na mavazi ya Waislamu. Tangu hapo akawa mkusanyaji wa vyombo vya udongo, silaha, mazulia na vitambaa vya kale. Mamake, Cecilia de Madrazo, alitoka katika ukoo wa wachoraji, na babake Cecilia aliwahi kuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Prado, Madrid.

Baba alifariki 1874, mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Cecilia akalea watoto wake Paris, kisha mwaka 1889 akahamia nao Venice. Mume hakuwepo tena, lakini makasha yalikuwepo, na vitambaa vya zamani mle ndani alivitunza na kuviongeza. Mwana hutazama kisogo cha nina. Mariano alikua akivishika vitambaa hivyo na kuzijua rangi zake kabla hajabuni chochote.

Alianza kwa uchoraji, kisha akaingia katika jukwaa la maigizo. Huko akagundua kwamba mwanga ukigonga kitambaa kwanza ndipo urudi, huwa mwororo na hauumizi macho. Kutokana na hilo alibuni taa yenye kichwa kama mwavuli, mwaka 1907, ambayo hadi leo inatengenezwa na kuuzwa.

Kilichomtangaza zaidi ni Delphos, gauni la hariri lenye marinda membamba mno, yaliyoteremka kutoka mabegani hadi miguuni. Pembezoni lilitiwa ushanga wa kioo wa Venice ili kitambaa kisipeperuke. Halikukunjwa wala kupigwa pasi. Lilisokotwa kama kamba na kuwekwa ndani ya kisanduku. Hati ya kulinda ubunifu huo aliichukua Paris mwaka 1909 kwa jina lake, lakini kwa mkono wake mwenyewe akaandika pembeni kwamba mbunifu hasa ni Henriette Nigrin, Mfaransa aliyekuja kuwa mkewe. Henriette ndiye aliyesimamia karakana na kuchanganya rangi.

Kisha yakaja mahameli na pamba zilizopigwa chapa kwa unga wa madini, zikang'aa kama zilizofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Nakshi zake zilitoka Uturuki, Uajemi, Andalusia na Italia ya kale, yaani mlemle makashani. Miaka ya mwanzo ya 1920 alifungua kiwanda katika kisiwa cha Giudecca. Kingali kinafanya kazi, na siri ya ufundi wake haijatolewa nje. Alifariki Venice mwaka 1949. Mwaka 1956 Henriette aliikabidhi nyumba yao kwa mji, na leo ni makumbusho.

Ndugu msomaji, Pwani nasi tunayo makasha. Zimo leso za bibi, kofia zilizodariziwa kwa mkono, majoho ya harusi za zamani. Mangapi tumeyauza kwa bei ya chakula cha siku mbili, nakshi zikaenda kupamba kuta za watu wengine? Na kofia ikisifiwa barazani, ni nani anayemtaja mwanamke aliyekesha akiishona?

Fortuny alipewa urithi na mamake, akautumia, na haki ya mkewe akaiandika. Kabla hujaliuza kasha, lifungue mbele ya wanao. Watajie kila nguo na jina la aliyeishona. Huenda katika hao yumo fundi anayesubiri kuonyeshwa tu.