Sewa Haji: tajiri wa Bagamoyo aliyeacha shule na hospitali, na tunachojifunza kuhusu wosia

Mtu yeyote aliyewahi kupewa rufaa kwenda Muhimbili, au kumsindikiza mgonjwa huko, amelisikia jina la Sewahaji. Wauguzi hulitaja kila siku: mgonjwa yuko Sewahaji, dawa zipelekwe Sewahaji. Wengi hudhani ni jina la jengo tu. Lakini Sewa Haji alikuwa mtu, na amefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu ya swali tunaloulizwa mara kwa mara na wasikilizaji, kuanzia Mnazi na Lunguza kule tambarare hadi Mlalo na Soni milimani. Mtu ana shamba, nyumba ya kupangisha au akiba kidogo. Watoto wake walisoma shule ya misheni, na angependa sehemu ya mali hiyo iisaidie shule akishaondoka duniani. Afanyeje ili jambo hilo litimie na lisizue ugomvi kwenye ukoo? Maisha ya Sewa Haji yanatupa pa kuanzia.

Kijana wa dukani

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi wa madhehebu ya Ismailia, wenye asili ya Kutch, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa na biashara Zanzibar na Bagamoyo, na Sewa alianza kuisimamia ile ya Bagamoyo akiwa bado kijana mdogo.

Bagamoyo ya wakati huo ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia hapo. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari, kwa hiyo kila kitu kilibebwa na wapagazi, mzigo wa kilo 30 hivi kwa kila mmoja, kwa miezi mingi. Walikwenda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Waliporudi walibeba pembe za ndovu, ambazo zilisafirishwa hadi Ulaya na Marekani kutengenezewa vitu kama vibonyezo vya piano.

Sewa Haji aliuza bidhaa hizo, na pia alitafuta wapagazi. Mgeni aliyetaka kwenda bara alifika kwake na fedha, naye akamtafutia watu na kumpatia mizigo. Henry Morton Stanley alipita Bagamoyo mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, na akapatiwa wapagazi na kijana huyu aliyekuwa na miaka 20 tu. Stanley hakuridhika. Katika kitabu chake alimlalamikia sana kuhusu bei na hesabu, na kumweleza kama mtu mjanja wa kupindukia.

Hatuna sababu ya kulificha hilo. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara, na biashara ya misafara ilikuwa ngumu, hasa kwa wapagazi waliobeba mizigo kwa ujira mdogo na hatari kubwa. Utajiri wake ulitokana na mabega ya watu hao. Ni vizuri kulikumbuka tunapofika kwenye yale aliyoyarudisha kwa jamii.

Biashara yake ilikua hadi akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani. Miongoni mwa waliofanya kazi chini yake alikuwa kijana mwingine kutoka Kutch, Allidina Visram, ambaye baadaye alifungua maduka sehemu nyingi za Afrika Mashariki hadi Uganda.

Mji wa misheni na mji wa vita

Bagamoyo haikuwa ya wafanyabiashara peke yao. Mwaka 1868 mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo. Walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma, kilimo na ufundi. Ni misheni hiyo iliyopokea mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar.

Sewa Haji alikuwa Mwislamu wa Ismailia, na aliishi mji mmoja na wamisheni hao kwa miaka mingi. Alijionea kila siku shule inavyomfanyia mtoto asiye na chochote.

Mwaka 1888 pwani iliwaka moto. Abushiri na wenzake walipigana na Wajerumani waliokuwa wakichukua nchi, na Bagamoyo iliharibiwa sana. Mwaka uliofuata Abushiri alinyongwa Pangani. Wajerumani wakaifanya Bagamoyo makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Ilionekana wazi kwamba mji ungepoteza nafasi yake.

Alichotoa, na sharti aliloweka

Katika miaka hiyo ya 1890 Sewa Haji alianza kutoa. Alitoa rupia 12,400 ili ijengwe hospitali Dar es Salaam. Bagamoyo alikabidhi serikali jengo la ghorofa liwe shule.

Jengo hilo alilitoa kwa sharti. Alitaka shule hiyo ipokee watoto wa rangi zote: Waafrika, Wahindi, Waarabu, na yeyote mwingine. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu serikali ya kikoloni ilizoea kupanga watu kwa rangi, kila kundi na mahali pake. Jengo lake lipo hadi leo Bagamoyo, na watoto bado wanasoma hapo katika Shule ya Msingi Mwambao.

Alipoona mwisho wake unakaribia, alipanga pia mali iliyobaki. Nyumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviacha mikononi mwa serikali, kwa maelekezo kwamba mapato yake yatumike kuendesha hospitali, kuwalisha wagonjwa wa ukoma na kuwasaidia maskini. Alifariki Zanzibar tarehe 10 Februari 1897, akiwa na miaka 46.

Hospitali ya Dar es Salaam ilianza kazi mwaka huohuo na kupewa jina lake. Wajerumani walifungua nyingine ya Wazungu ufukweni, ile ya Ocean Road, na ya Sewa Haji ikabaki ya Waafrika na Wahindi. Katika miaka ya 1950 huduma zake zilihamishiwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la Sewa Haji likahama na wagonjwa.

Tuangalie alivyopanga. Kila alichokitoa kilikuwa na mpokeaji anayejulikana, kazi inayojulikana na walengwa wanaojulikana. Jengo la shule alilitoa akiwa hai, akaona likikabidhiwa. Nyumba na viwanja vilikuwa vya kuzaa mapato, si vya kuuzwa na kuliwa kwa siku moja. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja na kuondoka, lakini shule na jina la hospitali vimebaki.

Wosia unafuata maandishi, haufuati moyo

Si kila wosia unaishia vizuri hivyo. Kuna mfano wa Marekani unaohusu shule za Kikatoliki moja kwa moja, na unaonyesha upande wa pili.

Francis Drexel, tajiri wa benki wa Philadelphia, alifariki mwaka 1885 akiacha dola milioni 15 na zaidi. Katika wosia wake, sehemu ya kumi ilikwenda kwa taasisi za misaada alizozitaja kwa majina. Sehemu kubwa iliyobaki iliwekwa chini ya wadhamini. Mabinti zake 3 wangekula mapato tu, bila kugusa mtaji. Wakifariki bila watoto, mtaji wote ungekwenda kwa taasisi zilezile zilizotajwa. Alitaka kuwakinga na wanaume ambao wangewaoa kwa kutamani fedha.

Binti mmoja, Katharine, hakuolewa. Alikuwa mtawa, na mwaka 1891 akaanzisha shirika lake la masista. Kwa mapato ya urithi huo alijenga na kuendesha shule nyingi za Wamarekani weusi na wenyeji wa asili wa nchi hiyo, pamoja na chuo kikuu cha Xavier mjini New Orleans. Inakadiriwa alitumia karibu dola milioni 20.

Lakini shirika lake halikuwamo kwenye orodha ya baba yake, kwa sababu wakati wosia unaandikwa lilikuwa bado halijazaliwa. Katharine alipofariki mwaka 1955, akiwa na miaka 96, mtaji ukaenda kwa wale waliotajwa mwaka 1885. Shule zake zikapoteza mapato yaliyozilea kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2000 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, lakini utakatifu wake haukubadilisha neno hata moja la wosia wa baba yake.

Baba huyo aliwapenda mabinti zake, na huenda angefurahia kuona shule zile. Lakini marehemu haulizwi. Wanaobaki husoma kilichoandikwa. Ndiyo maana wosia unapaswa kusomwa upya kila mambo yanapobadilika: mtoto akizaliwa, shamba likiuzwa, shule mpya ikifunguliwa.

Na sisi huku tufanyeje?

Kwa anayetaka kuikumbuka shule ya Kikatoliki katika eneo letu, iwe ya parokia yake au zile zinazojulikana sana kama Kifungilo na Mazinde Juu, kuna mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, familia. Kabla ya kuusia shule, hakikisha mwenzi wako wa ndoa na watoto wana pa kuishi na pa kulima. Mlichochuma pamoja si chako peke yako kukigawa. Chini ya sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, kumnyima mrithi haki yake bila sababu ya msingi kunaweza kufanya wosia upingwe. Kwa Mwislamu anayefuata sheria za dini yake, anachoweza kuusia kwa asiyekuwa mrithi hakizidi theluthi moja ya mali. Shamba la ukoo pia si sawa na shamba ulilonunua mwenyewe. Zungumza na ukoo mapema.

Pili, mpokeaji. Usiandike kwamba shamba linakwenda kwa padre fulani au kwa mwalimu mkuu fulani. Padre atahamishwa, mwalimu atastaafu, na huenda mali ikahesabiwa kuwa yake binafsi. Mwenye uwezo wa kisheria wa kumiliki ni wadhamini waliosajiliwa, wa jimbo au wa shirika la masista linaloendesha shule. Nenda parokiani au shuleni uulize jina lao kamili, kisha uliandike kama lilivyo.

Tatu, matumizi. Kama unataka mapato ya shamba yasomeshe watoto yatima au yakarabati madarasa, andika hivyo. Ila acha nafasi ya mabadiliko. Ukiandika kwamba fedha zinunue taa za chemli tu, siku umeme ukifika zitakwama.

Nne, mashahidi. Kwa sheria za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika, au anayeusia kwa mdomo, anahitaji mashahidi wasiopungua 4: wawili wa ukoo na wawili wa nje. Ni busara shahidi asiwe mtu anayepata kitu katika wosia huo. Andika tarehe, weka sahihi au dole gumba, na mtaje atakayesimamia mirathi.

Tano, ardhi ya kijiji. Kuihamisha kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Ni rahisi kulizungumza wewe mwenyewe ukiwa hai kuliko kuwaachia wajane na walimu wakapigane nalo barazani.

Sita, mahali pa kuutunza. Wosia uliofichwa chini ya godoro huliwa na panya, au hupatikana na mtu asiyetaka usomwe. Wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, RITA, hupokea na kuhifadhi wosia. Wakili au benki pia wanaweza kuuhifadhi. Mwambie mtu unayemwamini ulipo.

Na kama uwezo upo, toa kidogo ukiwa hai, kama Sewa Haji alivyokabidhi lile jengo. Heka moja iliyokabidhiwa kwa maandishi leo, wanao wakishuhudia, ina usalama kuliko heka tano zilizoahidiwa kwa mdomo kwenye sherehe ya kipaimara. Ahadi ya mdomo mtoaji huenda nayo kaburini, na watoto wa shule hubaki wakisubiri.