Fanny Crosby: Kipofu Aliyeimba Nuru

Ni nani katika kwaya zetu ambaye hajawahi kuimba Usinipite Mwokozi? Tumeuimba misibani, tumeuimba kwenye mikutano ya Injili, tumeuimba watu wakija mbele kutubu. Lakini si wengi wanaojua kwamba mama aliyetunga wimbo huo hakuwahi kusoma kwa macho yake hata ukurasa mmoja wa kitabu cha nyimbo. Tunaposherehekea jubilii hii, inafaa waimbaji na washirika wote tuyakumbuke maisha yake.

Frances Jane Crosby, ambaye watu walimwita Fanny, alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na umri wa wiki sita macho yake yaliugua. Mtu mmoja aliyejidai kuwa daktari akayakanda kwa dawa kali ya haradali, na tangu hapo jamaa zake waliamini kwamba matibabu hayo ndiyo yaliyompofusha. Kabla hajatimiza mwaka mmoja babake akafariki. Mamake, Mercy, alilazimika kutafuta kazi katika nyumba za watu, na mtoto akalelewa na nyanya yake, Eunice. Alipofika umri wa miaka mitano hivi walimpeleka kwa daktari bingwa mjini New York, wakarudi na jibu moja tu: hataona.

Nyanya hakukata tamaa. Alimweleza mjukuu wake rangi za maua na sura za ndege, na zaidi ya yote alimsomea Biblia. Fanny alikuwa bado mtoto alipokuwa ameshika kwa moyo Injili zote nne, vitabu vitano vya Musa, Mithali na Zaburi nyingi. Mwaka 1835 alijiunga na shule ya wasioona mjini New York, na kuanzia 1847 hadi 1858 akawa mwalimu hapo hapo. Mashairi yake yalichapishwa, na alikwenda hadi Washington kuwatetea watoto wasioona mbele ya wabunge.

Pamoja na hayo yote, moyo wake haukuwa na amani. Mwaka 1849 kipindupindu kilipovamia New York, alibaki shuleni akisaidia kuwauguza wagonjwa. Kifo kilipita karibu sana, naye akajiuliza kama angekuwa tayari. Maneno ya Yesu aliyajua yote, hata yale ya kwamba yeye ni nuru ya ulimwengu, lakini kuyajua ni jambo moja na kumpokea Bwana ni jingine. Mwaka uliofuata alihudhuria mikutano ya uamsho ya Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, na mara mbili akarudi jinsi alivyokwenda.

Tarehe 20 Novemba 1850 alikwenda tena. Watu walikuwa wakiimba wimbo wa zamani wa Isaac Watts kuhusu mateso ya Kristo msalabani. Walipofika mwisho, pale mwimbaji anapojitoa kwa Bwana, Fanny naye alijitoa. Alisimulia baadaye kwamba saa ile nafsi yake ilijaa nuru ya mbinguni. Mtu asiyeona kwa macho aliijua nuru ya Yesu, na aliijua watu wakiimba. Majina ya walioimba siku ile hatuyajui.

Mwaka 1858 aliolewa na Alexander Van Alstyne, mwanamuziki asiyeona kama yeye. Walijaliwa mtoto, lakini mtoto huyo alifariki akiwa mchanga. Kuanzia 1864, akiwa na umri wa miaka 43, Fanny akaanza kazi ambayo ulimwengu unamkumbukia: kutunga nyimbo za Injili. Alizipanga kichwani, kisha akamtamkia mtu aandike. Kabla ya kufa alikuwa ametunga zaidi ya 8,000. Kwa kuwa wachapishaji hawakutaka kitabu kijae jina la mtu mmoja, nyimbo zake nyingi zilitoka chini ya majina ya kubuni, karibu 200. Malipo yake kwa wimbo mmoja yalikuwa dola moja au mbili. Hakutajirika, na kwa miaka mingi aliishi katika mitaa ya maskini, akizitembelea nyumba za misheni zilizowahudumia walevi na wasio na makao.

Usinipite Mwokozi ulizaliwa katika huduma ya namna hiyo. Mwaka 1868 alizuru gereza, na huko akamsikia mfungwa akimsihi Bwana asimpite. Kilio hicho ni kile kile cha Bartimayo, kipofu wa Yeriko, aliyesikia kwamba Yesu anapita akapaza sauti.

Fanny hakumwekea kinyongo mtu aliyehesabiwa kuwa ndiye aliyempofusha. Alikuwa akisema kwamba uso wa kwanza atakaouona ni uso wa Mwokozi wake. Alilala katika Bwana tarehe 12 Februari 1915, mjini Bridgeport, Connecticut, akikaribia miaka 95.

Wapendwa waimbaji, kwaya hujaribiwa na mambo mengi: nani aongoze, nani asimame mbele, jina la nani litajwe. Mama huyu alikubali jina lake lifichwe ili jina la Yesu lisikike. Na kumbukeni ile Novemba ya 1850. Jumapili yoyote tunapoimba, huenda amekaa kwenye viti vya nyuma mtu anayeijua Biblia yote na bado yuko gizani. Tuimbe tukijua yupo.