Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, 1880 – Zanzibar, Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sahani za santuri.

Alizaliwa katika familia yenye asili ya utumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, naye akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye mjini. Hakusoma shule. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akawa anatembeza vyungu kwa miguu huku akinadi kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alisikiwa na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, klabu ya muziki iliyoanzishwa 1905, ambaye alimfundisha uimbaji. Wakati huo taarab ilikuwa bado muziki wa wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870–1888, ndiye aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, na kwa miaka mingi nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wasikilizaji wengi wa Ng'ambo hawakuielewa.

Siti aliimba kwa Kiswahili. Alialikwa majumbani kwa matajiri na katika jumba la Sultani, lakini makazi yake yalikuwa Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya hori lililoutenga mtaa huo na Mji Mkongwe. Jioni wenzake Subeti, Mbaruk, Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban walikutana nyumbani kwake, habari za siku zikazungumzwa, na kutokana na mazungumzo hayo wimbo ukatungwa. Unaojulikana zaidi ni "Kijiti". Unasimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka akavuka kwenda bara, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Kuimba kisa kama hicho hadharani, chini ya serikali ya kikoloni, hakukuwa jambo dogo kwa binti wa watumwa.

Alikuwa na mahasidi pia. Walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa sura yake na kwa kutoka shamba. Alijibu kwa wimbo, akisema kwamba uzuri si kitu mbele ya akili na tabia.

Mwaka 1928 kundi lake lilisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931 sahani zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa, idadi kubwa kwa zama ambazo santuri ilikuwa mali ya wachache. Wengi walizisikiliza migahawani.

Katika rekodi hizo vyombo ni vichache: udi, fidla na ngoma ndogo. Kila ubeti unapokwisha, fidla huurudia mwendo wa sauti na kuupamba. Msikilizaji aliyezoea muziki wa Ulaya anaweza kulinganisha na konseto za karne ya 19, kama zile za Mendelssohn kwa fidla au Dvořák kwa selo, ambamo chombo kimoja husimama mbele ya okestra nzima na kuzungumza nayo. Katika taarab nafasi ya chombo hicho ni ya mwimbaji. Okestra yenyewe ilikuja baadaye: Wamisri walichukua safu za fidla, selo na besi kutoka Ulaya, wakazipiga kwa maqamu zao, na vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club vikaufuata mtindo huo. Siti mwenyewe hakuhitaji safu hizo.

Kabla ya kifo chake alimsimulia maisha yake mwandishi Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Bila kitabu hicho mengi ya utoto wake yangepotea, maana rekodi hazisemi lolote kuhusu vyungu vya Fumba. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na Bi Kidude (alifariki 2013), na chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Tangu 2002 chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzia katika jengo la zamani la forodha Mji Mkongwe, kinafundisha fidla, udi na kanuni kwa wasichana na wavulana pamoja.