Larrey: Tabibu aliyetanguliza jeraha kabla ya cheo

Ajali inapotokea barabarani, mara nyingi anayebebwa kwanza ni yule anayepiga mayowe, ama yule anayejulikana na watu. Aliyelala kimya kando ya mtaro hungoja, na huenda huyo ndiye anayekaribia kukata roho. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, tabibu mmoja wa Ufaransa aliliona jambo kama hili katika medani za vita, akalikataa.

Dominique Jean Larrey alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, kwenye milima ya Pyrenees. Akiwa na miaka 13 alikuwa yatima, akalelewa na ami yake, daktari mpasuaji wa mjini Toulouse, ambaye ndiye aliyemfunza kazi.

Mwaka 1792 alijiunga na jeshi lililopigana kando ya mto Rhine. Wakati huo magari ya kubebea majeruhi yaliwekwa kilomita kadhaa nyuma, yakisubiri mapigano yaishe. Askari walilala chini wakivuja damu, pengine hadi siku ya pili. Larrey alipoona jinsi farasi walivyokokota mizinga kwa kasi, aliona kwamba hata majeruhi wangeweza kubebwa hivyo. Akaunda magari mepesi ya farasi, yenye springi na godoro ndani, yakiingia karibu na mapigano pamoja na madaktari. Nchini Misri, alikofika na jeshi la Napoleon mwaka 1798, aliwatumia ngamia kuwabeba majeruhi.

Lakini gari peke yake halikutosha. Wakiletwa majeruhi mia kwa pamoja, nani aanze? Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Larrey aliweka kanuni iliyopinga hali hiyo: aliye hatarini zaidi ahudumiwe kwanza, awe mkubwa au askari wa kawaida, rafiki au adui. Mwenye jeraha dogo angojee, hata kama kifua chake kimejaa nishani.

Kanuni hiyo ilikuja kumfaa mwenyewe. Mwaka 1815, baada ya vita vya Waterloo, alitekwa na Waprusia na akakaribia kupigwa risasi. Daktari wa upande wao alimtambua. Akapelekwa kwa mkuu wao, Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kutibiwa na Larrey alipokuwa mateka. Akaachiliwa huru. Alifariki mjini Lyon mwaka 1842.

Sisi tulio hapa pwani tuna la kujifunza. Mkifika penye ajali, hakikisheni kwanza mahali ni salama na pigeni simu ya msaada. Kisha mtazameni aliye kimya: je, anapumua? Anayevuja damu nyingi, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachia. Aliyeumia shingo au mgongo msimnyanyue ovyo, isipokuwa kuna hatari kama moto.

Mafunzo ya huduma ya kwanza yapo, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya huyatoa. Vijana wa bodaboda, makondakta, manahodha na walimu wetu wa madrasa wayapate. Wao ndio hufika mwanzo, kabla ya daktari yeyote, na dakika zile chache za mwanzo ndizo huamua nani atarudi nyumbani.