Seraphino Antao, Mwanariadha wa Mombasa

Kabla ya Kipchoge Keino kuvuma, Kenya ilikuwa imekwisha kupata bingwa wake: Seraphino Antao, Mgoa aliyezaliwa Mombasa mwaka 1937. Huko Perth, Australia, mnamo 1962, nchi ingali koloni, aliwatangulia wapinzani wake katika mbio za yadi 100, kisha za yadi 220. Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ajabu ni kwamba zilitoka masafa mafupi, ambayo leo hayahesabiwi kuwa fani yetu. Mwaka 1964, huko Tokyo, aliibeba bendera ya taifa huru kwenye Olimpiki, ingawa medali hakupata. Alipostaafu alihamia London, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2011.