Sewa Haji: Tajiri wa misafara aliyeacha jina wodini

JINA la Sewa Haji hutajwa kila siku katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Ndugu wa wagonjwa huulizia jengo la Sewa Haji kama wanavyoulizia Kibasila au Mwaisela. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo hakuwa tabibu, bali mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki dunia mwaka 1897.

Chimbuko la utajiri wake huonekana vizuri zaidi mjini Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, lilipo jengo la kale la Caravan Serai. Hapo ndipo wapagazi walipopumzika na shehena za misafara zilipohifadhiwa. Jengo hilo limekarabatiwa na kuwa mahali pa kupokea wageni, likiwa na makumbusho madogo. Hata hivyo, kuta zilizokarabatiwa haziwezi zenyewe kueleza shehena zile zilikuwa mali ya nani, wala nani alizibeba. Maisha ya Sewa Haji yanatoa sehemu ya jibu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Kiismailia yenye asili ya Kutch, India. Baba yake alikuwa na duka Unguja, kisha akapanua biashara hadi Bagamoyo. Kijana huyo alishika usukani wa biashara hiyo akiwa bado hajafikisha miaka 20.

Kazi yake ilikuwa kuuandaa msafara kabla haujaondoka pwani. Aliuza vitambaa, shanga na nyaya, bidhaa zilizotumika badala ya fedha huko bara, na akatafuta watu wa kuzibeba. Misafara iliporudi, alinunua pembe za ndovu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijiandaa kumtafuta David Livingstone, naye akamwendea kijana huyo ili apatiwe wapagazi. Hawakuelewana. Katika kitabu chake kuhusu safari hiyo, Stanley alimlalamikia kwamba alimcheleweshea watu na kutaka kumpunja katika hesabu. Lawama hizo zilisomwa duniani kote, lakini hazikuivunja biashara yake. Katika miaka iliyofuata, wageni wengi waliokwenda bara walipita mikononi mwake.

Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja kwa miguu, safari ya miezi kadhaa hadi Ziwa Tanganyika. Wengi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, lakini walikuwamo pia watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Faida ya matajiri wa pwani, Sewa Haji akiwamo, ilipatikana kwa mabega hayo.

Utawala wa Kijerumani ulipoimarika baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, Sewa Haji alianza kutoa mali yake kwa ajili ya umma. Alikabidhi kwa serikali jengo la ghorofa mjini Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Katika zama za ubaguzi wa wazi, sharti hilo lilikuwa zito. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, na katika wosia wake akaagiza mali yake iwasaidie wenye ukoma na maskini.

Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 46 tu, bila kuona mwisho wa biashara iliyomtajirisha. Ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na misafara ya Bagamoyo ikakosa kazi.

Tajiri huyo aliacha jina linalotamkwa Muhimbili hadi leo. Waliobeba shehena zake hawakuandikwa majina ukutani. Kwa sababu hiyo, ukarabati wa jengo kama Caravan Serai haukamiliki kwa chokaa na mbao mpya pekee. Mgeni anayeingia humo anastahili kusimuliwa habari za pande zote mbili: mfadhili aliyejenga shule na hospitali, na mpagazi ambaye jasho lake lilizilipia.