Askofu Josiah Kibira, Mchungaji wa Siku za Taabu

Josiah Kibira alizaliwa Bukoba mwaka 1925. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kupewa uchungaji, naye alikuwa mmoja wa watu wa Uamsho, walioamini kwamba toba ya kweli huonekana nyumbani, shambani na kazini.

Mwaka 1964 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka huohuo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha TCRS, huduma ya wakimbizi nchini. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano hilo, uliofanyika Dar es Salaam, ulimchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Hivyo kiongozi wa Walutheri wa dunia nzima akawa pia mchungaji wa watu waliokimbia makwao.

Maradhi ya Parkinson yalipoudhoofisha mwili wake, hakuuacha utumishi. Urais aliuhitimisha mwaka 1984. Alilala katika Bwana mwaka 1988.

Hakuwahi kuwaona Warundi waliomiminika Kibondo na Kasulu baada ya machafuko ya mwaka 1993, wala TCRS ikiwahudumia makambini. Lakini maisha yake yanawaachia Wakristo wa nyanda za Kigoma kipimo kilekile: imani hujulikana pale mgeni asiye na kitu anapobisha hodi, na mwenyeji mwenye kidogo akamfungulia.